Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Behewa la reli ndani ya kompyuta

Jumapili moja ya mwezi uliopita, mzee mmoja jirani yangu alibisha hodi mlangoni kabla jua halijapanda. Baada ya kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani kama ada ilivyo, alinieleza shida yake kwa maneno machache. Kijana wake wa mwisho, aliyemaliza masomo ya ufundi na bado hajapata ajira, halali usiku. Hukesha mbele ya kompyuta hadi majogoo; umeme unakwisha, macho yanamwuma, na akiulizwa afanyacho hujibu kwamba anajenga behewa.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "mimi nimekuwa fundi wa mabehewa miaka thelathini na mmoja. Behewa hujengwa karakana, kwa chuma na jasho. Wewe ni mtu wa gazeti, maneno yako husikilizwa. Njoo umkanye."

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilikwenda nikiwa nimekwisha kutayarisha hotuba. Nilikusudia kusema juu ya thamani ya kazi, juu ya gharama ya umeme, na juu ya vijana wanaopoteza ujana wao katika michezo ya kompyuta. Mzee alinitangulia, tukaingia chumbani kwa kijana. Akatuamkia kwa adabu na kutupisha viti.

Kwenye kioo cha kompyuta niliona ujia mwembamba wenye madirisha upande mmoja na milango upande wa pili. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Kijana akasogeza mkono, nasi tukawa kama watu walioingia ndani: vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine, kimeza kidogo chini ya dirisha, taa darini, ngazi ya kupandia vitanda vya juu. Lilikuwa behewa la daraja la pili la reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Msomaji aliyepata kuisafiria anaujua mpango wake: chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita, na daraja la tatu ni viti.

Nilitazamia mzee aanze kufoka. Hakufoka. Alivaa miwani yake, akasogea, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Chumba hiki kimekuwa ukumbi."

"Baba, umejuaje?" kijana akauliza.

"Kaa hapo," mzee akasema, akionyesha kitanda cha chini katika picha kana kwamba mtu aweza kukikalia. "Kitanda cha kati kikiwa kimelazwa, mtu mzima aliyeketi cha chini hawezi kunyoosha shingo. Sharti ainame. Humu mwako hata mwenye kilemba atakaa wima. Nimefungua skrubu chini ya vitanda vya namna hiyo nikiwa nimelala chali. Sihitaji futikamba kujua."

Hotuba yangu ikaniishia kinywani. Nilikuwa nimekuja kumkanya kijana kwa kujenga behewa, kumbe baba yake sasa anamkanya kwa kulijenga vibaya.

Kielelezo si picha

Huenda msomaji anajiuliza ni behewa gani hilo linalojengwa bila nyundo. Hebu tulieleze jambo hili kwa lugha nyepesi, maana watoto wetu wengi wanalifahamu kuliko sisi.

Picha huonyesha kitu kwa upande mmoja tu, upande ule aliosimama mpiga picha. Kielelezo cha kompyuta ni kitu kingine kabisa. Ni hesabu ya nukta zilizowekwa hewani, na kila nukta ina tarakimu tatu: moja ya urefu, moja ya upana na moja ya kimo. Ukiunganisha nukta tatu unapata pembetatu. Ukiunganisha pembetatu nyingi unapata uso wa kitu: godoro, komeo la mlango, hata mkunjo wa pazia. Kwa kuwa kompyuta inajua mahali pa kila nukta, mtazamaji anaweza kulizunguka godoro hilo, kulichungulia kwa chini, au kusimama dirishani na kutazama nje.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alionyesha huko Marekani, katika chuo cha MIT, programu yake iitwayo Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah alikuwa akitafuta kitu cha kufanyia majaribio ya uchoraji wa namna hii. Wakiwa wameketi kunywa chai, mkewe akampa shauri achore birika lao la chai. Akalichora, akazigeuza pindo zake kuwa tarakimu, na tangu siku hiyo birika lile limechorwa na mafundi wa kompyuta duniani kote. Birika lenyewe halisi sasa limewekwa katika makumbusho ya kompyuta huko California. Kwa hiyo, msomaji, usimcheke kijana anayehangaika na kijimeza cha behewa. Waliomtangulia walihangaika na birika.

Programu anayoitumia kijana wa jirani yangu inaitwa Blender. Ilianzishwa mwaka 1994 na Mholanzi Ton Roosendaal. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 ili programu hiyo ikombolewe kutoka kwa wenye mtaji na iwe mali ya wote. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa senti. Jambo hili ni la maana kwa familia ya mfanyakazi: chombo cha kazi ni bure, kinachogharimu ni kompyuta yenyewe, umeme na, zaidi ya yote, subira.

Na kwa nini mabehewa? Kwa sababu ipo michezo ya kompyuta ya kuendesha treni, na wapenzi wake ni wengi. Japani ilikuwa na mchezo maarufu wa namna hiyo mwaka 1996, Densha de Go! Mwaka 2001 ukatoka Microsoft Train Simulator. Katika mchezo huo chumba cha dereva kilikuwa picha bapa tu. Ungeweza kutazama vishikio, lakini usingeweza kuinamisha kichwa ukaona nyuma yake. Leo wapenzi wa michezo hii hawaridhiki na hayo. Wanataka kuinuka kitini, kutembea ujiani, kufungua mlango na kukaa kama abiria. Ndiyo maana ndani ya behewa pamekuwa na kazi kubwa kuliko nje.

Macho ya simu hudanganya

Turudi chumbani kwa kijana. Kosa lake lilitoka wapi? Lilitoka kwenye picha. Alikuwa amejenga chumba kwa kutazama picha zilizopigwa kwa simu, na simu inapopiga eneo pana hulaghai: kilicho karibu hukua, kilicho mbali husinyaa, na chumba chembamba huonekana kipana. Alipozifuata picha hizo, kitanda chake kikafikia urefu wa meta mbili na sentimita arobaini. Mzee alipoambiwa tarakimu hiyo alicheka kwa mara ya kwanza. "Hapo atalala abiria na mzigo wake," alisema.

Dawa ya ulaghai huu ni kuweka ndani ya picha kitu ambacho kipimo chake kinajulikana. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile iitwayo A4, ina milimita 210 kwa 297. Ukiibandika ukutani na kupiga picha ukiwa umeuelekea ukuta sawasawa, unaweza kukadiria vipimo vya vitu vingine vyote vilivyo katika ukuta huo. Lakini sharti ibandikwe kwenye uso uleule unaopimwa. Ikikaa mbele zaidi, ukuta ulio nyuma yake utatoka mdogo kuliko ulivyo.

Dawa ya pili ni kuifanya hesabu ijisahihishe. Katika behewa la vyumba, vitanda hulala kukingama, yaani kutoka ujiani kuelekea dirishani. Kwa hiyo ukichukua upana wa behewa, ukatoa unene wa kuta, ukatoa na upana wa ujia, kinachobaki ndicho urefu wa kitanda. Hakuna njia nyingine. Kama jumla haifungi, basi kuna kipimo kimoja kinachosema uongo, na fundi mwaminifu hatalala mpaka akipate.

Dawa ya tatu ndiyo iliyokuwa imeketi pale kitini imevaa miwani. Mzee alinyosha kiganja chake akaanza kupima hewani kwa shibiri: kutoka sakafuni hadi kitanda cha chini, kutoka kitanda cha chini hadi cha kati, kutoka ukingo wa kimeza hadi gotini pa aliyeketi. Kijana alipima shibiri ya baba yake kwa rula, akaandika, akazidisha. Vipimo vilipoingizwa, kuta zikasogea, dari ikashuka, na chumba kikawa chumba. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ile niliwaona wawili wameinama pamoja.

Fundi cherehani na mwekahazina

Baada ya umbo huja rangi. Hapa msomaji ambaye ni fundi cherehani ataelewa upesi kuliko mwingine. Ili kuipaka rangi nyuso ya kitu chenye mapindo, kama kiti, fundi wa kompyuta hukipasua kiti hicho kwenye mishono, akavilaza vipande vyake bapa, kama vile vipande vya shati vinavyolazwa mezani kabla ya kushonwa. Juu ya vipande hivyo huchora kitambaa, mbao, chuma, kutu na vumbi. Kisha kompyuta huvirudisha vipande mahali pake. Mshono ukipita mahali pabaya, mistari ya kitambaa haitakutana, na kiti kitaonekana kama suruali iliyoshonwa kwa haraka usiku wa sikukuu.

Baada ya fundi cherehani huja mwekahazina. Kompyuta haina nguvu zisizo na mwisho. Ili mwendo uonekane laini, inabidi ichore picha mpya mara 60 kwa sekunde moja. Yaani kila picha ina muda wa takriban milisekunde 17, na ndani ya muda huo sharti zichorwe reli, miti, stesheni na abiria pia. Sasa tufanye hesabu. Chukua behewa la viti 72. Kila kiti kina skrubu 8. Ukichonga kila skrubu kwa pembetatu 200, umetumia pembetatu 115,200 kwa skrubu peke yake, vitu ambavyo hakuna abiria atakayevitazama mara mbili. Fundi mwenye busara haichongi skrubu hiyo. Huichora katika picha ya kiti, pamoja na kivuli chake kidogo, na jicho la mtazamaji hujazia lililobaki. Pembetatu alizookoa huzitumia kwenye mpini wa mlango, kwa sababu mpini husogelewa na mkono na hutazamwa kwa karibu.

Hata picha zina bajeti yake. Picha ya ukubwa wa nukta 2,048 kwa 2,048 ina nukta zaidi ya milioni 4. Zinaonekana nyingi. Lakini ukiitandaza juu ya ukuta wa meta mbili, kila nukta inafunika takriban milimita moja. Herufi za kibao cha onyo zenye kimo cha milimita tano zitapata nukta tano tu kwenda juu, na hazitasomeka vizuri. Kwa hiyo kibao hupewa picha yake mwenyewe, ndogo lakini yenye nukta zilizosongamana. Kila mama anayegawa mshahara wa mwezi anaijua busara hii: si kila kitu kinapata sawa, kila kitu kinapata kwa kadiri ya haja yake.

Tena, kitu kinachojirudia hakijengwi mara mbili. Kitanda hujengwa kimoja, kikarudiwa mara sita chumbani na katika kila chumba, kama muhuri unavyopigwa kwenye karatasi nyingi. Kijana alifanya hivyo. Na hapo ndipo mzee alipomkamata kwa mara ya pili.

"Vitanda vyote sita," alisema, "vimekwaruzwa na mtu mmoja?"

Tulitazama. Ni kweli. Kijana alichora mkwaruzo mzuri kwenye ukingo wa kitanda, nao mkwaruzo uleule, mahali palepale, ulikuwa umerudiwa mara sita.

Alama za watu

Ndugu msomaji, nimekuwa nikiandika habari za kazi kwa miaka kadhaa, lakini somo nililolisikia baada ya hapo sikupata kulisikia darasani. Mzee alianza kueleza jinsi behewa linavyochakaa, naye kijana alikuwa akiandika kama mwanafunzi.

Ngazi, alisema, haichakai sawasawa. Kipandio cha kwanza hukanyagwa na watu wawili, wa kitanda cha kati na wa kitanda cha juu. Kipandio cha mwisho hukanyagwa na mmoja. Kwa hiyo kipandio cha chini ndicho kinacholiwa zaidi. Rangi ya mlango haichuniki katikati, bali pale anaposhika mtu anayepepesuka treni ikikata kona. Kizingiti hukwaruzwa na masanduku, na ukuta wa ujia hukwaruzwa kwa kimo cha kikapu kilichobebwa mkononi, si kwa kimo cha bega. Chini ya dirisha kuna utelezi wa viwiko vya watu waliotazama nje mchana kutwa. Na chini zaidi ya hapo, alisema akiinamisha kiganja, kuna mng'aro mwingine mdogo, wa vidole vya watoto waliokuwa wakijivuta ili nao waone.

Alinyamaza. Kijana naye alinyamaza. Kisha akachukua kalamu ya kompyuta, akaongeza mng'aro ule.

Nilimwuliza mzee kama ana picha za mabehewa aliyoyahudumia kazini. Alikwenda kwake akarudi na bahasha. Zilikuwamo picha nne. Katika zote, watu wamesimama stesheni, wamevaa nguo zao nzuri, na treni iko nyuma yao. Hakuna hata moja iliyopigwa ndani. Na mimi nikakumbuka albamu ya nyumbani kwetu: ni hivyo hivyo. Treni hupigwa picha kwa nje, na kichwa chake ndicho hasa kinachopendwa. Lakini tulipokula, tulipolala, tulipojuana na wageni waliotupa embe na kutushikia watoto, palikuwa ndani, na pa ndani hapakupigwa picha.

Tena ndani ndiko kunakotangulia kupotea. Mwili wa behewa ni chuma, waweza kudumu miongo kadhaa. Kitambaa cha viti hubadilishwa, taa hubadilishwa, mbao hung'olewa na kuwekwa plastiki. Behewa likistaafishwa, vya ndani huondolewa kwanza. Sasa reli zetu zinabadilika upesi. Kenya ilianzisha treni mpya ya reli pana kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Hapa kwetu treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia. Lakini mtoto anayezaliwa leo atajuaje jinsi babu yake alivyosafiri, kama hakuna aliyepima?

Mlango uliojifunga wenyewe

Wapo watakaosema kwamba kujua urefu wa kitanda cha treni si elimu. Nawapa kisa kimoja. Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, limehifadhiwa behewa dogo namba 12. Mwezi Juni mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alikesha ndani yake pamoja na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa akiwaua watu. Usingizi ukamshinda. Kisa husimuliwa kwamba mwenzake mmoja alilala kitanda cha juu na wa pili akalala sakafuni. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza. Behewa lilikuwa limeinama upande, kwa hiyo mlango ukateleza ukajifunga, nao wote wakawa wamefungiwa pamoja na mnyama. Simba akatoka kwa dirishani, akamchukua Ryall.

Msomaji, kisa hicho chote kimo katika mpango wa ndani ya behewa: mlango unaoteleza na si wa bawaba, mwinamo wa sakafu, kimo cha kitanda, upana wa dirisha. Asiyejua chumba kile kilivyo anasikia hadithi ya kutisha. Anayekijua anaelewa kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda, na kwa nini aliyelala sakafuni hakuweza kukimbia.

Faida nyingine ni ya walio hai. Viwanda vinavyotengeneza mabehewa leo huyajenga kwanza ndani ya kompyuta, kabla ya kukata bati moja. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huhesabu kiti cha magurudumu cha abiria mlemavu kuwa na upana wa milimita 700, na huongeza milimita 50 kila upande kwa ajili ya mikono inayozungusha magurudumu. Jumla ni milimita 800, na mlango anaoutumia abiria huyo hauruhusiwi kuwa mwembamba kuliko hapo. Kosa la sentimita tano kwenye kompyuta husahihishwa kwa dakika moja. Kosa hilohilo katika chuma humwacha mtu nje ya treni. Kwa hiyo anayezoea kuuliza "magoti yataenda wapi, mwenye mtoto mgongoni atageukia wapi" anajifunza kazi ya kweli.

Atakula nini?

Nisikufiche, msomaji: mzee hakusadiki yote. Tulipotoka nje aliniuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza. "Sawa, ni ufundi. Lakini atakula nini?"

Sikuwa na jibu la mkato, wala sasa sinalo. Kujenga mabehewa ya michezo hakumpi mtu mshahara wa kila mwezi, na wengi wanaofanya kazi hii hufanya kwa mapenzi tu. Hata hivyo, ufundi huohuo hutumika katika ramani za nyumba, katika filamu za katuni, katika matangazo na katika samani. Wiki mbili baada ya siku ile, fundi seremala mmoja wa Keko alimpa kijana kazi ya kumchorea kabati la jikoni ili mteja alione kabla mbao hazijakatwa. Malipo yalikuwa madogo. Kijana alinunua umeme wa nyumba nzima, akamkabidhi baba yake risiti. Mzee aliikunja akaitia mfukoni bila kusema neno.

Kwa wazazi nina maneno mawili. Kwanza, kabla ya kukanya, ketini mtazame. Huenda mtoto anacheza tu, na hapo kanyeni. Lakini huenda anajenga kitu ambacho ninyi ndio mnaokijua kuliko kompyuta, naye hajui kwamba jibu limelala chumba cha pili. Pili, wekeni saa. Kazi yoyote inayomnyima mtu usingizi kila siku itamnyima na macho. Katika nyumba ya jirani yangu wamekubaliana: saa tano usiku mashine inazimwa, behewa liwe limekwisha au halijakwisha.

Na kwa vijana: msianze na behewa. Anzeni na kigoda cha jikoni. Kipimeni, kijengeni, kisha mwombeni mama akitazame. Akisema "hiki si chetu", mwulizeni kwa nini, mkasahihishe. Mkihitaji kupima mali ya reli, ombeni ruhusa kwa wenyewe. Msivuke uzio wala msitembee relini. Na msiwaache wazee wa kazi wakae kimya. Wapo mafundi, wahudumu na walinda milango waliozunguka katika mabehewa hayo miaka mingi, na vipimo vyake viko mikononi mwao. Kadiri siku zinavyokwenda, mikono hiyo inapungua.

Juzi nilipita tena. Behewa halijaisha, bado choo na beseni la kunawia. Mzee alikuwa ameketi kando ya mwanawe na futikamba ya zamani ya karakana, tarakimu zake zimefutika nusu. Walikuwa wakibishana. Kijana alisema mlango wa choo hufungukia ndani. Mzee alisema hufungukia nje. Waliponiona waliniomba niamue. Nami nimesafiri kwa treni ile mara tatu, nikaufungua mlango ule sijui mara ngapi, wala sikuweza kukumbuka.

Wewe je, msomaji? Utakaposafiri mara nyingine, kabla hujalala, inama utazame.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.